SOMO LA ROBO HII: Bakteria, vimeng'enya na haki ya mahali vinapotoka



Katika matoleo yaliyopita masomo yetu yalihusu mambo ya shambani na nyumbani, kama vile mboji, maji ya mvua na vikundi vya kuweka na kukopa. Somo la robo hii huenda likaonekana geni kidogo. Hata hivyo limetokana na maswali mliyotuuliza ninyi wenyewe tulipotembelea sharika za Bukoba na Muleba.

Swali la kwanza lilikuwa hili: wakati wa ugonjwa wa Marburg, wataalamu walijuaje kwamba mtu fulani ana kirusi hicho na mwingine ana malaria tu, ilhali wote wana homa? Swali la pili: watu wanaokuja vijijini kuchukua udongo, maji, majani ya migomba au damu, wanatafuta nini, na sisi tunabaki na nini? Maswali haya yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini majibu yake yanakutana mahali pamoja, yaani katika jeni za bakteria na vimeng'enya vinavyotokana nazo.

Baada ya somo hili tunatarajia kila mjumbe aweze: (i) kueleza kimeng'enya ni nini, (ii) kueleza jinsi jeni ya bakteria inavyobadilishwa ili kupata vimeng'enya vingi na bora, na (iii) kuisaidia kamati yake kuuliza maswali yanayofaa sampuli zinapochukuliwa katika eneo lake.

1. KIMENG'ENYA NI NINI?

Tuanze na ndizi. Ndizi mbichi imejaa wanga, na ukiila haina utamu. Iache siku kadhaa iive, na ndizi ile ile inakuwa tamu. Hakuna aliyeitia sukari. Ndani ya tunda kuna protini maalumu zinazoukata wanga vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo ndivyo sukari. Protini zinazofanya kazi hiyo huitwa vimeng'enya. Baadaye tunaikamua ndizi iliyoiva na kuiacha ichachuke iwe lubisi. Hapo vimeng'enya vya hamira navyo huanza kazi, vikiigeuza sukari kuwa kileo.

Kimeng'enya basi ni mfanyakazi mdogo sana aliyeumbwa kwa kazi moja. Kikatacho wanga hakikati mafuta, na kikatacho protini hakigusi wanga. Kikimaliza kazi hakiishi, bali hurudia tena na tena. Ndiyo maana kiasi kidogo sana kinatosha kufanya kazi kubwa. Mwaka 1897 mwanakemia wa Kijerumani Eduard Buchner alionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye hamira, bila hamira yenyewe kuwa hai, bado huchachusha sukari. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1907. Tangu hapo watu walielewa kwamba vimeng'enya vinaweza kutolewa, kuwekwa kwenye chupa na kuuzwa.

Leo vimo katika vitu vingi tunavyovitumia. Sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vinavyoondoa madoa ya damu, maziwa na uji. Vipande vya kupimia sukari ya damu, ambavyo mgonjwa wa kisukari huvidondoshea tone la damu, vina kimeng'enya. Jibini nyingi duniani hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho zamani kilipatikana tu katika tumbo la ndama aliyechinjwa. Mwaka 1990 Marekani iliruhusu kitumike kile kinachotengenezwa na bakteria waliopewa jeni ya ndama.

2. KWA NINI BAKTERIA?

Wengi wetu tukisikia neno bakteria tunafikiria maradhi, na katika mkoa wetu tuna sababu. Mnyauko wa migomba, ulioripotiwa Muleba mwaka 2006, huletwa na bakteria, na familia nyingi zimeng'oa mashina kwa ajili yake. Lakini bakteria wote si adui. Ndugu wa karibu wa bakteria huyo wa mnyauko hufugwa viwandani ili atoe utomvu mzito unaotiwa katika dawa ya meno na vyakula vingi. Ukoo ni mmoja, kazi ni mbili.

Kiwanda kinampenda bakteria kwa sababu tatu. Kwanza, huzaliana upesi. Bakteria aitwaye E. coli, akipata chakula na joto la kumtosha, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kama hakuna kinachomzuia, mmoja anakuwa zaidi ya bilioni moja baada ya saa 10. Pili, chakula chake ni cha bei nafuu. Tatu, jeni zake ni rahisi kubadilishwa.

Jeni tunaweza kuilinganisha na kalibu ya kufyatulia matofali. Kalibu si tofali, lakini umbo la tofali limo ndani yake. Mwenye kalibu anaweza kufyatua matofali elfu yanayofanana, na mwenye kuikopi kalibu naye anaweza. Vivyo hivyo jeni ni maandishi yaliyo ndani ya DNA yanayoieleza chembe hai namna ya kutengeneza protini fulani. Mwaka 1973 wanasayansi Stanley Cohen na Herbert Boyer huko California walionyesha kwamba kipande cha DNA kinaweza kukatwa, kuunganishwa kwenye kijipete kidogo cha DNA kiitwacho plasmidi, na kuingizwa katika bakteria mwingine. Bakteria huyo huitumia kalibu ngeni kama yake. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini ya binadamu iliyotengenezwa kwa njia hiyo na E. coli. Kabla ya hapo wagonjwa wa kisukari walitegemea insulini iliyotolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe.

3. KUONGEZA WINGI NA UBORA

Kuhamisha jeni ni mwanzo tu. Kiwanda kinataka bakteria atoe kimeng'enya kingi, na kimeng'enya chenyewe kiwe imara. Kazi hii ina sehemu mbili.

(a) Kuongeza wingi. Wataalamu hutumia njia kama hizi:

- Kumpa bakteria nakala nyingi za jeni ile ile, kama vile kumpa fundi kalibu kumi badala ya moja.
- Kuweka mbele ya jeni kipande cha DNA kinachofanya kazi kama swichi. Swichi yenye nguvu huifanya jeni isomwe mara nyingi zaidi. Nyingine huwashwa pale tu bakteria wanapokuwa wengi wa kutosha ndani ya tangi.
- Kuchagua bakteria anayetoa kimeng'enya nje ya mwili wake. Wale wa jamii ya Bacillus, ambao wengi wao huishi katika udongo, ni hodari kwa hilo. Kiwanda huchuja maji ya tangi na kupata mali bila kuwapasua bakteria.
- Kuondoa jeni za bakteria zinazoharibu mali. Bakteria wengi wana vimeng'enya vyao vinavyokula protini, na vikiachwa vitaila ile tunayoitaka.

(b) Kuongeza ubora. Mfano mzuri ni kimeng'enya cha sabuni kiitwacho subtilisini, ambacho asili yake ni bakteria wa Bacillus. Subtilisini huondoa vizuri madoa ya damu na maziwa, lakini ikikutana na dawa ya kung'arishia nguo huharibika. Wataalamu walichunguza wakaona chanzo. Subtilisini waliyoichunguza ni mnyororo wa vipande 275 viitwavyo asidi amino, na kipande cha 222 ndicho kinachoharibiwa na dawa hiyo. Mwaka 1985 David Estell na wenzake wa kampuni za Genencor na Genentech walieleza jinsi walivyobadilisha maandishi ya jeni mahali hapo pekee. Walijaribu aina zote 19 nyingine za asidi amino, wakapata baadhi zinazostahimili. Walibadilisha kipande kimoja kati ya 275, na kimeng'enya kikaweza kufanya kazi pamoja na dawa ya kung'arishia.

Njia nyingine haihitaji kujua tatizo liko kwenye kipande gani. Unatia mabadiliko madogo ya kubahatisha katika jeni, unawapa bakteria wengi, unapima ni yupi ametoa kimeng'enya bora, kisha unaanza tena kwa huyo. Ni kama mkulima wa maharage anayechagua mbegu za shina lililozaa vizuri kila msimu, ila hapa msimu ni wa siku chache. Frances Arnold wa Marekani, aliyeanza kazi hiyo kwa subtilisini mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2018.

4. KUTOKA CHEMCHEMI YA MAJI MOTO HADI KAGERA

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika Wilaya ya Bukoba ni Marburg, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu. Hadi ugonjwa ulipotangazwa kuisha tarehe 2 Juni 2023, watu 9 walikuwa wameugua na 6 wamefariki. Tarehe 20 Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Sampuli zilipimwa katika maabara inayotembea ya Kabaile mkoani kwetu, kisha zikathibitishwa Dar es Salaam. Watu 10 walipoteza maisha, na mlipuko huo ulitangazwa kuisha tarehe 13 Machi 2025.

Homa, kuumwa kichwa na kutapika vinaweza kuwa malaria, homa ya matumbo au Marburg. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kipimo kinachotenganisha ni PCR, jina tulilolizoea tangu wakati wa UVIKO-19. Kipimo hicho hutegemea vimeng'enya viwili. Cha kwanza hunakili maandishi ya kirusi, ambayo ni ya RNA, kuwa DNA. Cha pili huzidisha DNA hiyo: moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, na kuendelea. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja kinaweza kuwa zaidi ya bilioni moja, na hapo mashine inaweza kukiona. Kama kirusi hakimo, hakuna cha kuzidisha.

Kuna ugumu mmoja. Katika kila mzunguko sampuli huchemshwa hadi nyuzi joto 95 hivi, na vimeng'enya vingi hufa katika joto hilo. Mwanzoni wataalamu walilazimika kuongeza kimeng'enya kipya kila mzunguko. Suluhisho lilitoka kwa bakteria aitwaye Thermus aquaticus, ambaye Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walimpata katika chemchemi za maji moto za Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, miaka ya 1960. Kwa kuwa bakteria huyo anaishi katika maji ya moto, kimeng'enya chake, kiitwacho Taq, huvumilia kuchemshwa.

Lakini Thermus hukua polepole kuliko E. coli, naye hutoa Taq kidogo. Mwaka 1989 wanasayansi walieleza jinsi walivyoichukua jeni ya Taq na kuiweka ndani ya E. coli. Tangu hapo Taq ikaweza kutengenezwa kwa wingi bila mtu kwenda tena kuchota maji Yellowstone. Hivyo basi, kimeng'enya kinachotumika katika kipimo cha namna hii ni kazi ya bakteria waliobadilishwa jeni ndani ya tangi la kiwanda. Hii ni faida ya kweli, nasi tunaikiri kwa shukrani. Bila kupima, wahudumu wa afya wasingejua nani atengwe na nani aruhusiwe kurudi nyumbani.

Hata hivyo kuna upande wa pili. Mwaka 1991 haki za kutumia PCR ziliuzwa kwa kampuni ya Hoffmann-La Roche ya Uswisi kwa dola za Marekani milioni 300. Hifadhi ya Yellowstone, ambako bakteria alitoka, haikupata mgao. Hakuna aliyevunja sheria, kwa sababu wakati sampuli zinachukuliwa hakuna aliyekuwa ameandika makubaliano yoyote kuhusu mapato.

5. MAZIWA YA MAGADI YA KENYA

Mfano wa pili uko jirani. Katika Bonde la Ufa nchini Kenya kuna maziwa ya magadi kama Bogoria na Nakuru, yenye ndege wengi aina ya heroe. Maji yake ni makali kiasi kwamba samaki wengi hawawezi kuishi humo. Bakteria wake wameyazoea, na vimeng'enya vyao hufanya kazi vizuri katika magadi. Maji yenye sabuni ya unga nayo yana ukali wa namna hiyo. Ndiyo sababu watengeneza sabuni waliyatazama maziwa haya kwa hamu kubwa.

Mwaka 1992 sampuli kutoka maziwa hayo zilichukuliwa na wanasayansi wa nje. Jeni zilizopatikana kwa bakteria wake zilimfikia mtengenezaji wa vimeng'enya wa Marekani, Genencor, kampuni ile ile iliyoboresha subtilisini. Baadhi ya vimeng'enya vilivyotokana nazo viliingia sokoni. Kimojawapo hulainisha nguo za pamba zinapofuliwa. Kingine huipa suruali ya jinsi sura ya kuchakaa kidogo, kazi ambayo zamani ilifanywa kwa kuzifua suruali pamoja na mawe mepesi ya volkeno.

Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lilidai hadharani mgao wa mapato hayo. Pande zile mbili hazikuelewana juu ya jambo la msingi: ruhusa iliyotolewa mwaka 1992 iliruhusu nini hasa? Kuchunguza tu, au kuchunguza na kuuza? Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai, unaoitambua haki ya kila nchi juu ya viumbe vyake, ulianza kutumika mwishoni mwa mwaka 1993. Sampuli zilikuwa zimekwisha kuondoka.

Miaka mitatu baadaye jambo likafanyika kwa namna tofauti. Mwaka 2007 KWS na kampuni ya Novozymes ya Denmark walitia saini makubaliano ya miaka mitano ya kutafuta bakteria wenye manufaa katika maeneo ya hifadhi. Makubaliano hayo yaligusa mafunzo kwa wataalamu wa Kenya, vifaa vya maabara na mgao wa mapato. Maziwa yalikuwa yale yale na bakteria wale wale. Tofauti ni kwamba mara hii mazungumzo yalitangulia sampuli.

Lakini mkataba wa taifa na kampuni haujibu kila kitu. Kando ya Ziwa Bogoria wanaishi Waendorois, wafugaji waliohamishwa miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi. Mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliwapa haki juu ya ardhi hiyo na kutaka wapate sehemu ya manufaa yake. Kwa hiyo swali halikuwa tu Kenya inapata nini, bali pia mwenyeji wa kando ya ziwa anapata nini.

6. JENI SI KAMA KAHAWA

Hapa ndipo tungependa kamati zikae kidogo na kutafakari. Sisi watu wa Kagera tumezoea biashara ya kahawa. Mnunuzi akikupunja msimu huu, mwakani atarudi, na unaweza kumkatalia, kwa maana bila kahawa yako hana cha kupakia. Jeni haiko hivyo. Anayeihitaji huja mara moja, na kijiko kimoja cha udongo kinamtosha. Akishaikopi kalibu, atafyatua matofali miaka yote bila kurudi kwako. Nguvu ya mwenyeji ya kupatana ipo kabla ya sampuli kuondoka. Baada ya hapo huwa ndogo sana.

Siku hizi hata kijiko hicho si lazima kisafiri. Maandishi ya jeni yakishasomwa huhifadhiwa katika kompyuta kama herufi, na maabara nyingine yoyote inaweza kuitengeneza jeni hiyo upya kutokana na herufi hizo. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inazitaka nchi wanachama ziweke utaratibu wa ruhusa na mgawanyo wa faida. Kwa herufi za kompyuta, nchi zilikubaliana njia nyingine. Tarehe 25 Februari 2025 huko Roma ulizinduliwa Mfuko wa Cali, ambao unayaomba makampuni makubwa yanayofaidika na maandishi hayo yachangie asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato. Angalau nusu ya fedha zake imekusudiwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Mchango huo ni wa hiari, hivyo bado ni mapema kuutegemea.

7. JE, KUNA HATARI?

Wengine wametuuliza kama vimeng'enya hivi ni sawa na mazao yaliyobadilishwa jeni, ambayo majaribio yake Serikali ilitangaza kuyasitisha nchini Januari 2021. Jibu ni kwamba hivi ni vitu viwili tofauti. Mmea uliobadilishwa huishi shambani na kutoa chavua na mbegu. Bakteria wa kiwandani hukaa ndani ya matangi yaliyofungwa, na kinachouzwa ni kimeng'enya kilichochujwa, ambacho hakina uhai wala hakizai.

Hii haina maana kwamba hakuna tahadhari. Mwishoni mwa miaka ya 1960 baadhi ya wafanyakazi wa viwanda vya sabuni barani Ulaya walipata pumu kwa kuvuta vumbi la vimeng'enya. Ndipo viwanda vikaanza kuvifunika kwa tabaka la nta au kitu kingine ili visitimke. Teknolojia nzuri nayo huhitaji msimamizi.

8. LINATUHUSU NINI BUKOBA NA MULEBA?

Mkoa wetu una utajiri wa aina nyingi za migomba, na Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Maruku kimekuwa kikiishughulikia kwa miaka mingi. Tuna udongo wa vibanjani uliotiwa samadi na majani kwa vizazi, vinamasi vya mafunjo, ziwa kubwa, na kwa jirani zetu wa Kyerwa zipo chemchemi za maji moto za Mtagata. Kila mahali pa namna hii pana bakteria wake. Hatusemi kwamba kuna dhahabu iliyofichwa. Sampuli nyingi hazizai biashara yoyote. Tunasema tu kwamba hakuna ajuaye mapema ni kijiko kipi.

Tunasisitiza jambo moja: tusifunge mlango. Tukikataa kila sampuli, mlipuko ujao wa homa utatukuta gizani, na mnyauko wa migomba hautapata tiba. Mtafiti mwema ni rafiki yetu. Tena kamati ya usharika haitoi kibali cha utafiti, kwa kuwa hiyo ni kazi ya Serikali. Lakini ninyi ndio wenyeji, na mara nyingi mtafiti hufikia kwenu kwanza kwa sababu anamfahamu mchungaji au mwinjilisti. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(i) Mwulizeni mgeni kibali chake cha utafiti kutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), pamoja na barua ya utambulisho kutoka Halmashauri. Mwenye nia njema hataudhika.

(ii) Mwulizeni maswali manne: Unachukua nini? Kinakwenda maabara gani? Kitatumika kwa kazi ipi? Na ikitokea kazi nyingine, ikiwa ni pamoja na biashara, mtaturudia kabla?

(iii) Majibu yaandikwe. Daftari moja la usharika linatosha: tarehe, jina la taasisi, aina ya sampuli, mahali ilipochukuliwa na sahihi za pande mbili. Ile tofauti ya mwaka 1992 ilihusu ruhusa iliruhusu nini. Daftari haliwezi kumaliza migogoro yote, lakini linasaidia kukumbuka kilichosemwa.

(iv) Ombeni matokeo yarudi, kwa Kiswahili. Faida si fedha peke yake. Mkulima aliyeambiwa ni kitu gani kimo ndani ya shamba lake amepata mgao.

(v) Wakati wa mlipuko wa ugonjwa, msicheleweshe sampuli ya mgonjwa kwa sababu ya daftari. Uhai unatangulia. Maswali yataulizwa baadaye kwa viongozi wa afya.

9. NENO KWA MARAFIKI NA WAFADHILI

Ndugu zetu, mara nyingi mmetusaidia kwa visima, madarasa na dawa, nasi tunashukuru. Somo hili linatufanya tuwaombe mambo mawili mengine.

La kwanza: saidieni vijana wetu wasome sayansi hadi maabara. Makubaliano ya mwaka 2007 yalikuwa na thamani kwa sababu yaligusa mafunzo na vifaa, na si malipo peke yake. Nchi inayojua kusoma jeni zake haihitaji kuambiwa na mgeni kilichomo. Shule zetu za sekondari za Bukoba na Muleba zinahitaji hadubini, kemikali na walimu wa baiolojia. Msichana anayeona leo bakteria kwa macho yake chini ya hadubini ndiye atakayekaa kesho mezani pa makubaliano.

La pili: wakati mwingine huja pamoja nanyi wanafunzi na watafiti wa vyuo vikuu rafiki. Tunawapokea kwa furaha. Tunaomba nao waulizwe maswali yale yale manne, kabla hawajafika. Urafiki wa muda mrefu hauharibiwi na karatasi iliyotiwa sahihi. Tunaamini unaimarishwa nayo.

MASWALI YA MAJADILIANO KWA KAMATI

1. Taja vitu vitatu nyumbani kwako ambavyo kazi yake hutegemea vimeng'enya.
2. Eleza kwa maneno yako kwa nini jeni ya Taq ilihamishiwa kwa E. coli badala ya kumfuga Thermus mwenyewe.
3. Kuna tofauti gani kati ya mnunuzi wa kahawa na mtu anayetafuta jeni? Tofauti hiyo inabadilishaje namna ya kupatana?
4. Je, katika miaka mitano iliyopita kuna sampuli zilizochukuliwa katika usharika au kijiji chenu? Nani anakumbuka zilikwenda wapi? Matokeo yalirudi?
5. Kama bakteria kutoka shamba la mtu mmoja angeleta faida, mgao ungekuwa wa nani: mwenye shamba, kijiji, wilaya au taifa? Toeni sababu.

Tunaomba kila kamati ijadili somo hili katika kikao chake kijacho, na ituletee majibu ya swali la 4 na la 5 kupitia ofisi ya jimbo. Majibu ya swali la 4 tutayaunganisha ili tupate orodha ya sampuli zilizochukuliwa katika maeneo yetu, na nakala ya orodha hiyo itarudishwa kwa kila usharika.



Ofisi ya Miradi ya Dayosisi, Bukoba